Mwanga Ndani ya Chumba cha Darubini

Al Qusais, Dubai
Jumamosi jioni

Mpendwa dada Yuliana,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mama na watoto, na kwamba mvua ulizoniambia hazijaiharibu kahawa iliyoanikwa. Mguu wa mama unaendeleaje? Mwambie zile soksi za kubana nimezipata, anazo Agnes kwenye begi hilohilo lililobeba barua hii. Mimi ni mzima. Baridi ya huku imeanza kuondoka na kikohozi changu cha Krismasi kimekwisha.

Najua unajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika mwisho, na jambo hili ukilisikia nusu utaumia bure. Kaa mahali peke yako, usome mpaka ufike kwenye jina langu.

Baada ya Krismasi uliniomba nimchunguze shemeji Nickson. Ulisema hapokei simu jioni, na siku moja simu yake ilipokewa na sauti ya mwanamke, halafu ikakatwa. Nilikujibu kwamba huenda laini ziliingiliana. Sikuamini nilichokuambia, dada. Wakati huo nilikuwa tayari na mashaka yangu mwenyewe juu ya mumeo, ila yalikuwa ya upande mwingine.

Sijawahi kukueleza vizuri kile kibarua changu cha pili, kwa hiyo nikueleze sasa. Mchana niko dukani Al Muraqqabat, tunafunga kamera za ulinzi na mageti ya umeme. Kuna mteja wetu mmoja, Sir Mohannad, Mjordani mwenye kliniki ya meno. Mapenzi yake yote ni nyota. Hapa mjini taa ni nyingi mno, hazionekani, kwa hiyo amekodi kipande cha shamba mbali jangwani na kujenga kibanda cha darubini. Paa lake linateleza juu ya reli, linafunguka na kujifunga lenyewe. Hakuna mtu anayekaa humo. Kila kitu tunakiendesha kwa mtandao, yeye akiwa nyumbani kwake na mimi nikiwa kitandani kwangu hapa Al Qusais. Nampangia kompyuta kazi ya usiku, asubuhi naangalia picha zilizopatikana na kutafuta kilichoharibika. Na kitu hakikosi kuharibika: leo mchanga kwenye reli, kesho waya, keshokutwa kipimo cha hali ya hewa kinadanganya kwamba mvua inanyesha. Ndiyo maana alitafuta mtu wa kukaa shambani, afagie mchanga, anyweshe miti na mbuzi, na awe na ufunguo wa kibanda. Nikampeleka shemeji. Unakumbuka jinsi tulivyofurahi.

Mambo yalianza kuharibika kabla ya Krismasi kidogo. Picha zilikuja na ukungu, kila nyota imezungukwa na duara kama taa ya barabarani wakati wa umande. Nilidhani ni ukungu wa msimu, maana miezi hii huwa unashuka jangwani alfajiri. Lakini kipimo cha nje kilionyesha hewa kavu, na cha ndani ya kibanda kilionyesha unyevu, kana kwamba mtu ameanika nguo humo. Nikabadilisha kipimo. Kipya kikasema vilevile.

Halafu mashine ya kukausha hewa ikawa inazimika. Umeme wote mwingine uko sawa, soketi hiyo moja tu haina kitu, kama iliyochomolewa. Nilimpigia shemeji akasema labda panya. Baadaye kamera ya ulinzi ya ndani ikageuka kuangalia ukuta. Akasema labda upepo, paa lilipofunguka. Mimi ndiye niliyeifunga kamera ile kwa skrubu nne, dada, na upepo haujui kulegeza skrubu. Nikimwomba aingie kibandani aniangalizie waya, hasemi hapana, ila anachelewa. Anasema yuko kwa mbuzi, anasema ufunguo kauacha chumbani. Kwenye simu nilikuwa namsikia anatembea na kuhema, kisha anabisha hodi. Nilijiuliza kwa nini mtu abishe hodi kwenye kibanda kisicho na mtu, nikajijibu kwamba nimesikia vibaya.

Nikaanza kumwona shemeji kama mgeni. Nilikumbuka maneno yake moja moja na kuyapima upya. Alipokuja mjini kununua viatu nilimwangalia mikono na mifuko. Alipoomba nimnunulie dawa ya kupaka ya majeraha ya moto, nilimuuliza ameungua wapi, akasema ni ya mwenzake. Sikumwona mwenzake yeyote aliyeungua. Niliwaza kwamba ameanza kuwauzia watu vifaa, au anapangisha kile kibanda, au kuna pombe inapikwa humo. Na kila uliponipigia ukilia, niliongeza na lako juu ya langu.

Kilicholeta msiba ni picha za giza. Kabla ya kazi, paa likiwa limefungwa na kamera ya darubini imefunikwa kifuniko, tunapiga picha ambazo hazitakiwi kuwa na kitu chochote. Ni weusi mtupu. Kompyuta inazitumia kujua makosa ya kamera yenyewe. Asubuhi moja nilizifungua nikakuta upande wa kushoto una weupe, hafifu, kama maziwa yaliyomwagika kidogo kwenye maji. Mwanga ulikuwa umepenya pembeni ya kifuniko. Katika chumba kilichofungwa, kisicho na dirisha, mtu alikuwa amewasha taa.

Sir Mohannad naye alizifungua. Alinipigia nikiwa dukani. Hakupaza sauti. Alisema ameweka pale kifaa kilichomchukua miaka kukipata, na mlinzi niliyemletea mimi anaingiza watu humo, na Jumatatu atakwenda na polisi. Nilimwomba aniache niende kwanza. Akauliza kama huyo mlinzi ni ndugu yangu. Nikasema ni mume wa dada yangu. Akasema, "Basi nenda Jumapili. Lakini usimwambie kwamba unakuja."

Jumapili sikwenda misa. Linus, Mkenya anayeendesha gari la duka letu, alikubali kunipeleka. Njia nzima sikumwambia kitu zaidi ya kwamba nakwenda kuangalia mitambo. Nilikuwa nimeshatunga kichwani maneno ya kumwandikia Sir Mohannad, na mengine ya kukuandikia wewe.

Shemeji alikuwa anafagia reli. Aliponiona nashuka alisimama na ufagio mkononi, hakuja kunisalimia. Nilimwambia nataka kuingia kibandani. Akasema ufunguo umepotea. Nikamwambia ninao wa akiba, na hapo uso wake ukabadilika. Alinitangulia mpaka mlangoni, akabisha hodi mbele yangu kabisa bila kujificha, akasema kwa sauti ya chini, "Ni shemeji yangu. Usiogope."

Ndani kulinukia sabuni na kitunguu cha kukaanga. Sakafu ilikuwa mbichi. Kwenye kona kulikuwa na mkeka mmoja, blanketi, kitana chenye nywele za rasta. Niliangalia vile ambavyo wewe ungeangalia, dada. Nilitafuta shati la mwanamume, viatu vya mwanamume, mto wa pili. Kisha nikaona lile turubai la kufunikia darubini limetandazwa chini, nyuma ya nguzo ya darubini, na linatikisika. Nikalivuta.

Alikuwa mwanamke wa umri wangu, amejikunja, mkono wa kulia amefungwa kitambaa mpaka kwenye kiwiko. Nami nilichofanya, na nakwambia ili ujue mdogo wako alivyo, nilitoa simu nikampiga picha. Ilikuwa ya kukutumia wewe. Jina lako lilikuwa tayari juu ya kioo.

"Usinipige picha, please," akasema. "Wakiiona watanirudisha."

Nikamuuliza watamrudisha wapi. Shemeji ndiye aliyejibu, amesimama mlangoni amenipa mgongo.

Anaitwa Carolyne, ni wa Kakamega. Alikuwa mtumishi kwenye nyumba moja mjini. Hati yake ya kusafiria alikuwa nayo arbab, yaani bosi wake, simu alinyang'anywa, na mafuta yalipommwagikia mkononi alipewa dawa ya meno apake na akaendelea kupika. Mwezi wa kumi na mbili familia ile ilikuja kupiga kambi jangwani, kama wafanyavyo watu wa hapa baridi ikiingia, wakamleta awapikie. Alfajiri walipolala aliondoka kwa miguu akifuata taa moja aliyoiona mbali. Taa hiyo ilikuwa ya zizi la mbuzi. Shemeji alimkuta ameinama kwenye birika la mbuzi, anakunywa.

Nilimwambia shemeji anajua kwamba kumficha mtu aliyetoroka kwa kafeel wake, mwajiri anayemdhamini viza, ni kosa, na kwamba angeweza kufungwa. Akasema anajua. Nikamuuliza kwa nini hapa, kwenye mali ya watu. Akasema chumbani kwake analala na mwenzake, na watu wa shamba wanaingia na kutoka. Kibanda hiki ndicho pekee ambacho hakuna mtu anayekiingia, maana kila kitu kinaendeshwa kutoka mbali. Alikuwa amengoja ule mkono upone kidogo, na apate mtu mwenye gari wa kumwamini.

"Si ungeniambia mimi?" nikasema.

"Wewe unafanya kazi kwa mwenye kibanda," akasema. "Ningekuweka kwenye shida."

Na simu, dada. Jioni alikuwa anampa Carolyne simu yake aongee na mama yake, kwa sababu mama huyo alikuwa ameshaambiwa mtoto wake amekufa. Siku uliyopiga wewe, Carolyne ndiye aliyepokea akidhani ni Kakamega wanampigia tena. Alisikia mtu anauliza yeye ni nani, akadhani ni wakala aliyemleta huku anamtafuta, akakata. Ameniomba nikuombe radhi. Nimemuuliza yule anayelala chumba kimoja na shemeji, peke yake, bila shemeji kusikia. Shemeji amelala kitandani kwake kila usiku. Nimeuliza kwa ubaya kabisa, nikitaka kusikia vingine. Sikusikia vingine.

Linus tulimwita ndani. Alisikiliza habari yote amekaa juu ya sanduku la waya, kisha akasema, "Huyu ni mtu wetu. Twende." Alimlaza Carolyne nyuma ya gari chini ya maboksi, akampeleka Satwa kwa mama mmoja wa kanisa lao, na Jumatatu mama huyo akamfikisha kwenye ubalozi mdogo wa nchi yake. Mpaka leo yuko mikononi mwao, anangoja hati ya safari. Picha ile niliifuta tukiwa barabarani.

Jumatatu hiyohiyo asubuhi nilikwenda kliniki kwa Sir Mohannad kabla hajaondoka. Ningeweza kumwambia ni mpira wa mlango umechanika, mwanga unapita. Angeniamini, yeye hajui kufungua hata skrubu. Lakini nilikuwa nimechoka kupima watu na kupimwa, nikamwambia kweli. Alivua miwani yake akaifuta. Aliuliza kama mwanamke huyo ameshaondoka. Nikasema ndiyo. Akauliza jina lake, halafu kabla sijajibu akasema, "Hapana, usiniambie." Alisema kibanda kile kimeandikwa jina lake, na kama polisi wangekuta mtu humo, yeye ndiye wangemchukua kwanza. Alisema hana shaka na moyo wa Nickson, ila alimwajiri ili mtu yeyote asiingie pale, na hawezi kulala tena akijua ufunguo anao Nickson. Hatamshitaki kwa mtu. Atamkatia tiketi na kufuta viza yake. Khalas, akasema, yamekwisha.

Nilijaribu kumtetea, hakubadili uamuzi. Mimi ameniacha kazini. Asubuhi hii nimefungua picha kama kawaida, na unyevu umeshuka, nyota hazina tena duara, ule upande wa kushoto ni mweusi tii. Kibanda kimepona. Nimezitazama bila furaha yoyote.

Kwa hiyo shemeji anarudi nyumbani, dada, wiki moja baada ya Agnes kukufikishia barua hii. Kazi imekwisha. Najua mlichokuwa mmekipanga juu yake, ile nyumba na shule ya Justine, na sitakuambia usikasirike. Mimi mwenyewe siku mbili za kwanza nilikuwa na hasira naye, kwa ajili yako.

Limebaki moja, na yeye hajui kama ninakuandikia hili. Tulipokuwa tunafunga kibanda nilimuuliza kwa nini hakukuambia wewe, mke wake, akakuacha uwaze mabaya hivi. Alibana kufuli kwanza. Akasema, "Ningemwambia Yuliana, angeniambia niache. Na akiniambia niache, mimi huacha."

Msalimie mama kwa shikamoo yangu, na watoto wote, na majirani wanaouliza habari zangu. Niombeeni, nami nawaombea.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Emiliana