Nyumba za Wauguzi

Nairobi, Ijumaa, 9 Januari 2026

Mama yangu mpenzi, Bi Swafiya,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na goti lako, na Hadia na mumewe na watoto. Mimi sijambo, alhamdulillah, ila jua la Nairobi mwezi huu ni kavu, linapasua midomo.

Umeniambia kwamba simu unaipenda kwa salamu tu, na kwamba mambo ya mali unataka karatasi uisome mara mbili. Haya, karatasi ndiyo hii. Nampa Yassir akuletee, anapanda basi kesho.

Mama, pesa zako za kustaafu zimeingia benki na zimelala fofofo. Zikiendelea kulala, bei za vitu zitazitafuna. Ukiziweka kwenye akiba ya kawaida, kila faida inayopatikana inakatwa ushuru kabla haijakufikia mkononi. Lakini ziko dhamana za serikali za kujengea barabara na umeme. Unaikopesha serikali, inakulipa faida kila nusu mwaka, na faida hiyo haikatwi ushuru hata senti. Nawashauri wageni kila siku ofisini, na wanachukua mbio. Wewe ndiwe ninayetaka kukushauri vizuri kuliko wote.

Tangu nikiwa mdogo unasema hutaki kula kwa mkono wa mtoto. Hii itakulisha mpaka uzeeni bila ya kuniomba mimi wala Hadia. Sema ndiyo, akaunti nitaishughulikia mimi.

Mwanao akupendaye,
Razan

*

Amu, Lamu, Ijumaa, 16 Januari 2026

Mwanangu Razan,

Waalaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sisi sote wazima. Goti limepata salamu zako na linakujibu kila nikipanda ngazi. Midomo ipake samli, usiende kununua vijimafuta vya madukani.

Barua nimeisoma mara mbili kama nilivyoahidi, na ya tatu nikamsomea Hadia akikuna nazi. Umeandika vizuri. Sasa nikuulize, mtaalamu wangu. Serikali hainikati ushuru, nimefurahi. Na Mola wangu je? Nikimkopesha mtu, akanirudishia zaidi ya nilichompa, jambo hilo lina jina, na jina hilo ulifunzwa chuo cha Kurani ukiwa bado una meno ya maziwa. Nimezalisha wanawake Siyu na Mbwajumali kwa mikono halali mpaka mvi zikanitoka. Sitaanza kula riba leo kwa sababu imepambwa kwa barabara.

Usidhani nimekaa tu. Bakr, mwana wa mjomba wako, amekuja hapa na habari ya kiwanja Ras Kitau, kimepakana na hoteli, eti mwaka ujao bei itapaa. Nikamuuliza hati iko wapi. Akasema, "Shangazi, hati inakuya." Nikamwambia ikishafika, na mimi nitafika. Akanywa kahawa yangu akaenda zake.

Akiba haiozi, Razan, lakini ikiwekwa pabaya huoza. Nitafutie kitu cha halali. Najua utakipata, kichwa unacho, umekirithi kwangu.

Mamako,
Swafiya

*

Nairobi, Alhamisi, 22 Januari 2026

Mama yangu,

Assalamu alaykum. Natumai goti limepunguza maneno. Mimi nimepaka samli, na ofisini wananiuliza nimepika nini.

Sikukasirika. Kidogo tu. Halafu nikaona haya, kwa kuwa neno lile nililijua na nililipita nikitazama pembeni, kwa sababu hesabu ilikuwa nzuri.

Nimekupatia. Inaitwa sukuk. Hapa humkopeshi mtu. Watu wengi wananunua nyumba kwa pamoja, kila mmoja kipande chake, serikali inazipangisha, na kodi ya nyumba mnagawana kila mtu kwa kipande chake. Muda ukiisha, serikali inazinunua kutoka kwenu. Masheikh wameikagua na kuitia sahihi. Na unachopata hakikatwi ushuru, sawasawa na zile dhamana za barabara.

Sasa sikia hii. Nyumba zenyewe zinajengwa kwa ajili ya wauguzi wa hospitali za serikali, kando ya barabara ya Malindi. Nilipoliona neno wauguzi nikacheka peke yangu. Nani atanunua hii kama si wewe, muuguzi mstaafu?

Mauzo yanafungwa Jumatano, tarehe 11 Februari. Nipigie simu useme ndiyo, neno moja tu, hilo halihitaji karatasi.

Mwanao,
Razan

*

Amu, Jumanne, 27 Januari 2026

Mwanangu Razan,

Waalaykumus salaam. Hali ni njema. Hadia ana mafua, watoto wanayo yale yale, nyumba nzima inapiga chafya.

Hii nimeipenda. Kununua nyumba na kula kodi yake ni jambo ninalolijua, watu wa Amu wameishi hivyo kabla serikali haijazaliwa. Kwa hiyo nakuuliza kama ninavyomuuliza mtu yeyote anayeniuzia nyumba. Kuta ni za nini? Maji yanatoka wapi? Choo kiko upande gani? Jikoni kuna dirisha? Na wewe umeziona kwa macho yako?

Nyumba hii tunayokaa, mamangu alinipa siku ya harusi yangu, na mimi nikampa Hadia siku ya harusi yake, nami nimebaki humu kama mgeni anayependwa. Kabla ya kuinunua, babu yako aligonga kila ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Watu walimcheka. Kuta bado zimesimama, waliocheka wengi wamehama.

Na jambo jingine. Nilipopelekwa Mbwajumali nikiwa msichana, chumba walichonipa cha muuguzi kilivuja mpaka nikalala nimeshika mwavuli. Nilikuwa natoka kuzalisha, narudi kulala kwenye maji. Sitakula kodi ya nyumba kama ile. Mtu haniuzii mbuzi ndani ya gunia, hata akiwa binti yangu.

Nijibu.

Mamako,
Swafiya

*

Nairobi, Jumamosi, 31 Januari 2026

Mama,

Assalamu alaykum. Nawaombea nyote shifaa.

Hakuna mtu anayekwenda kugonga kuta za sukuk. Hakuna. Zipo ripoti za wahandisi, wapo wakaguzi, upo waraka mnene kuliko msahafu wa babu, na mimi nimeusoma wote kwa ajili yako. Hiyo ndiyo kazi niliyoisomea. Siku zinakwenda, na watu wananunua bila ya kuuliza choo kiko upande gani.

Nitasema linaloniuma, maana nikilimeza litanikwama. Naona huniamini. Labda ungenisikia kama ningekuwa Hadia, mwenye mume na nyumba. Mimi sikuolewa, na aliyekosa harusi Amu hana hata ukuta wa kugonga. Nina umri wa miaka arobaini na moja na ninawapangia watu mali zao kutoka kwenye chumba cha kupanga.

Fanya utakavyo. Kiwanja cha Bakr pia ni ardhi.

Razan

*

Nairobi, Jumamosi, 7 Februari 2026

Mama yangu mpenzi,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. U hali gani? Nakuuliza kwa kweli, si kwa desturi.

Ni wiki nzima sijapata barua. Simu yako imezimwa tangu juzi. Nimempigia Hadia, ananiambia umetoka. Nikamuuliza umetoka kwenda wapi, akasema nikuulize wewe. Nimempigia Bakr, akacheka, akasema, "Shangazi ni mtu mzima." Sikulala vizuri kwa kicheko kile.

Nisamehe kwa barua iliyopita. Ya harusi hayakuwa makosa yako wala yangu. Kama umeshampa Bakr pesa, niambie tu, nitakuja tuzitafute pamoja. Kama hujampa, Jumatano ndiyo mwisho. Lakini kwanza nataka kujua uko wapi.

Barua hii naituma kwa basi, Hadia aipokee.

Mwanao anayekuhofia,
Razan

*

Barabara ya Malindi, Jumatatu, 9 Februari 2026

Mwanangu Razan,

Waalaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mimi mzima kabisa, goti limevimba, nami sijutii. Hadia amenisomea barua yako kwa simu asubuhi hii nilipoiwasha. Usimlaumu dadako, nilimkataza kusema, ungenirudisha nyumbani kwa hoja zako za kisomi.

Nimekwenda kuziona nyumba. Swafwan amenisindikiza, maskini, mkwe mwema yule. Hadia alinifuata mpaka gatini akisema, "Mama, ndia yote hiyo kwa kugonga ukuta?" Nikamwambia ndiyo, njia yote.

Langoni kuna mlinzi anaitwa Wanyama. Akaniuliza nina miadi na nani. Nikamwambia, na nyumba. Akakataa, nikakaa juu ya kibao chake kivulini, nikamuuliza habari za mkewe. Kumbe ni mjamzito na miguu inamvimba. Nikamwambia la kufanya, na ampeleke kliniki kesho asingoje. Baada ya hapo lango lilikuwa langu.

Nyumba ni nzuri, Razan. Nimezigonga, zilizokwisha na ambazo hazijakwisha, kuta zinajibu. Choo hakielekei kibla. Jikoni kuna dirisha, na kubwa. Safu ya mbele tayari wanakaa watu. Muuguzi mmoja, Valary, ametukaribisha chai, na hapa ninapoandika ni mezani kwake. Nikamuuliza kama kodi anailipa. Akasema, "Mum, wanaikata kwa mshahara kabla niione." Nikaona hapo hakuna kukimbizana na mpangaji. Nikamuuliza mwenye nyumba wake ni nani. Akasema hajui. Nikamwambia inshallah ni mimi, kipande.

Kasoro ni moja. Maji ya mvua yanamwagika nje yakapotea bure. Nimemwambia msimamizi aweke matangi, Amu hatumwagi maji ya Mungu. Ameandika. Nitarudi kuangalia.

Bakr hati yake bado haijafika, na kahawa yangu imekwisha.

Sasa ndiyo yangu hii hapa. Nunua. Usiweke zote, ziache za maradhi na za sanda, mtu haweki mayai yote kikapuni kisha akapanda mashua. Zilizobaki ziingie kwenye nyumba za wauguzi.

Na andika majina mawili. La kwako liwe mbele. Nikiwa hai kodi iingie kwangu, nikiondoka kipande ni chako, wala hakihesabiwi na urithi. Nimemuuliza Hadia, amekubali kabla sijamaliza, akasema yeye wake alishapata. Nimemuuliza na sheikh namna ya kuandikiana, nitakuambia ukija.

Barua yako ile niliisoma mara mbili, halafu nikaifungia kwenye kasha nikalia. Huniamini, umesema. Mwanangu, ningekuwa sikuamini nisingepanda basi na goti hili. Nilikuwa nangoja harusi yako ili nikupe nyumba, nikasahau kwamba mamangu aliponipa ile alisema nyumba ni ya mwanamke, harusi ni siku moja tu. Nimechelewa. Lakini nyumba sikukununulia ndani ya gunia. Nimeigonga.

Nampa barua hii dereva wa basi la Nairobi. Kaipokee kesho.

Mamako,
Swafiya

*

Nairobi, Jumatano, 11 Februari 2026

Mama yangu,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Goti lifunge kitambaa cha moto na usipande ngazi mpaka Ijumaa, hii ni amri.

Sukuk yetu imekubaliwa leo asubuhi, kabla hawajafunga. Majina ni mawili. La kwako nimelitanguliza, kwa adabu, hilo utanisamehe. Nimeisoma barua yako ofisini mbele ya watu, na sikujificha.

Nitakuja kabla ya Ramadhani, nipitie Malindi kwanza. Lakini mpaka nifike huko siwezi kungoja, na waraka nimeupekua wote tena, haukuandika. Hilo dirisha la jikoni, Mama, linatazama wapi?

Mwanao, mwenye nyumba,
Razan