Kiswahili Kwenye Hafla ya Nyimbo za Kihindi

Dada Mwanaidi,

Nakusalimu kutoka Toronto, ambako chai hupoa kabla hujaipuliza. Jana wakwe zetu waliandaa hafla ya kuwaenzi watunzi wakubwa wa muziki wa filamu za zamani za Kihindi, nami nikaombwa kuimba. Watunzi wale walitunga sauti tu, maneno yaliandikwa na wengine. Ndiyo maana taarabu yetu iliweza kuzivika sauti zao Kiswahili. Tabu ni kwamba mimi najua maneno yetu tu. Niliogopa kumwaibisha mkwe wetu Nasrin mbele ya wazazi wake.

Ubeti wa kwanza ulipokwisha, nikaukatiza wimbo kwa woga. Mara bibi mmoja wa Kihindi akapaza sauti, "We babu, usituache hapo! Huo si wetu wa Tanga?" Akaja akicheza kunitunza noti, na wazee wenzake, kumbe nao wamekulia Tanga, wakaitikia kwa Kiswahili, neno kwa neno. Nasrin alicheka hadi machozi. Baba yake, ambaye tangu harusi hunisalimu kwa Kiingereza, akanishika mkono, akasema kwa Kiswahili: "Kesho uje kwangu, ndugu yangu. Tule bajia, tuimbe."

Nimelala usingizi mzito, dada. Mungu akutunze.

Kaka yako,
Salim