Aliyetaka Kurithi Kitenge Changu

Mjukuu wangu Kabula,

Marahaba. Huku Pasiansi hatujambo, babu yako anakoroma tu. Unauliza kama mwenye pumu aache kwenda kwenye maonyesho ya vichekesho, kwa kuogopa kicheko kitambana kifua.

Nilipokuwa msichana, pumu ilinilaza wiki nzima. Wageni walinitazama kama maiti. Siku moja akaingia jirani yetu Mgogo, mtani wetu sisi Wasukuma, akaangua kilio cha msibani huku anakunja kitenge changu: “Marehemu alisema nirithi mimi!”

“Kiweke chini, mwizi wewe!” Nikaketi, nikacheka huku nakohoa. Pumu haikuondoka, ila siku hiyo nilikula ugali.

Beba dawa yako ya kuvuta, uende ukacheke. Mtani yule alishawatangulia hao wachekeshaji. Na wewe, pumu umesharithi; kitenge usubiri, bado nakivaa.

Bibi yako