Kompyuta Aliyoiachia Kwaya

Jumapili jioni, mtaani Ruti, Mbarara. Mvua iliyoanza asubuhi imekatika sasa hivi. Viatu vyangu bado vina tope la Rubondo na sina hamu ya kuvisafisha. Nimerudi na moyo mzito. Niandike kabla sijaanza kujidanganya.

Kwa mnaopita hapa mara ya kwanza: nafanya kazi katika maabara ndogo ya utafiti wa dawa hapa Mbarara. Hatuchemshi kitu. Tunatumia kompyuta kutabiri dawa itafanya nini mwilini kabla mtu hajaimeza, na hesabu hizo tunaziita modeli. Yetu ilijengwa na Patrice, Mkongo mwenzangu wa Kivu Kusini, kwa ajili ya watoto wenye kifafa waliokonda kwa njaa. Kipimo cha kawaida cha dawa hakiwafai watoto hao: ama wanaendelea kuanguka, ama wanasinzia mchana kutwa. Modeli ya Patrice ilitoa kipimo kipya, tukakiandika kwenye makala, tukapigiwa makofi. Wiki ijayo kilikuwa kianze kujaribiwa kwa watoto wa Rubondo, kwetu, kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale.

Neema ni mmoja wao. Ni binti wa Riziki, dada yangu mkubwa, ambaye kikwetu namwita yaya. Mwaka jana alianguka kwenye moto wa jikoni, akaungua mkono. Tangu hapo yaya anapika kwa mkono mmoja, wa pili umemshika mtoto. Mimi ndiye niliyemwambia avumilie, dawa inakuja.

Wiki hii maabara moja ya Nairobi iliomba modeli yetu, waiendeshe wenyewe waone kama watapata tulichopata. Ni ombi la kawaida, na nililipokea kwa majivuno. Nikakusanya faili alizonitumia Patrice kabla hajaondoka, nikaona niiendeshe mara moja kwanza, kama mtu anayeonja mchuzi kabla ya kuwapakulia wageni.

Jibu likatoka jingine.

Tena si kwa kidogo. Kipimo nilichopata kilikuwa karibu nusu ya kile cha kwenye makala. Nikarudia, nikarudia tena. Kama hesabu yangu ndiyo sahihi, wiki ijayo tungewapa watoto waliokonda dawa karibu mara mbili ya wanayoiweza, na dawa hii ikizidi, mtoto anaweza kulala asiamke.

Patrice siku hizi yuko Kanada. Nilimpigia.

"Nilitosha batoto bamoja mule, dada, bipimo byabo bilikuwa mubaya. Benye gani, sikumbuke tena, vraiment."

Yaani aliwaondoa watoto fulani kwenye takwimu alizojengea modeli, hakumbuki ni akina nani, na orodha iliyobaki ndiyo aliyoitumia. Alidhani amenitumia hiyo. Alinitumia ile ya mwanzo, yenye watoto wote. Ile nyingine ilikuwa kwenye kompyuta yake tu.

Na kompyuta yake aliigawa.

Anayeijua Nakivale hatashangaa. Mtu akipata safari ya kwenda kuishi ng'ambo hafungi mlango na vitu vyake ndani. Anagawa. Patrice aligawa godoro, masufuria, jembe, kuku. Kiti cha plastiki ninachokalia nikiandika haya ni chake. Kompyuta aliipa kwaya ya kanisa lao. Siku ile tulilia, na mimi nilidhani ametuachia kila kitu.

Leo nimeifuata. Baada ya ibada mwalimu wa kwaya aliifungua kutoka kwenye kitenge ilimofungwa, akaiwasha kwa fahari.

"Alitupatia ikiwa safi kabisa, hakuna kitu mule. Sasa angalia, imejaa nyimbo mingi!"

Patrice alifuta kila kitu kabla ya kuitoa. Alifanya hivyo kwa heshima, kama unavyosugua sufuria kabla ya kumpa jirani. Nilitafuta hata hivyo. Nyimbo, nyimbo, picha za harusi. Wakaniwekea wimbo mmoja nisikilize. Ni mzuri. Niliwapongeza huku machozi yakinilengalenga.

Nina hasira na Patrice, na hasira yenyewe haina pa kukaa, kwa sababu hakuficha chochote. Aligawa kila alichoona kuwa ni mali. Ile orodha kwake ilikuwa takataka za kazi iliyokwisha.

Nikiri na hili. Nikitoka kanisani kwenda kwa yaya, nilikuwa nimeanza kupanga kunyamaza. Huenda Patrice ndiye aliyekuwa sahihi. Huenda watoto aliowaondoa walistahili kuondolewa. Nikinyamaza, Neema anapata dawa wiki ijayo na hakuna atakayeniuliza kitu. Nikisema, kila kitu kinasimama, na hakuna ajuaye kwa muda gani.

Nilimkuta yaya anasonga ugali, amembana Neema ubavuni, sufuria inamkimbia. Nikamshikia sufuria. Nikamweleza kwa kuzungukazunguka kwamba hesabu mbili hazipatani. Hakutaka habari za modeli.

"Kama angekuwa mutoto wako, ungemupatia?"

Nikasema hapana. Neno lilinitoka kabla sijalipanga.

Akaendelea kusonga. Kisha akaniuliza, "Sasa tungoje tena mpaka lini, mudogo wangu?" Niliishikilia sufuria mpaka ugali ukaiva.

Nimemwandikia mkuu wa maabara nilipofika tu hapa. Nimemwambia tusianze. Maabara ya Nairobi nimewatumia faili zote kama zilivyo, pamoja na majibu yote mawili, na nimewaeleza kilichopotea. Watatucheka. Wacheke.

Mkuu amejibu kwamba utafiti umesimama.

Kesho nitaanza kuwapitia watoto wa kwenye takwimu upya, mmoja baada ya mwingine, na kila nitakachofanya nitakiandika mahali ambapo mwingine anaweza kukikuta. Ni kazi ya miezi. Na Rubondo kesho asubuhi yaya ataamka, awashe moto, amshike Neema kwa mkono mmoja. Sufuria hakuna wa kumshikia.