Rangi Niliyoipaka Picha ya Mama Yako

Kibeta, Bukoba
Jumapili, 9 Juni 2024

Nshomile wetu, msomi wa ukoo, mpendwa kaka Rwekaza,

Waitu, habari za huko Ujerumani? Mgongo umepona? Huku sisi wazima, mvua zimenyesha vizuri, kahawa imeiva mpaka matawi yanainama. Mama yako hajambo, macho tu ndiyo yanazidi kufifia.

Kaka, nina aibu. Barua hii nimeianza nikachana, nikaanza tena nikachana. Ni ile picha uliyomletea mama yako, mama mkubwa wangu, kutoka huko Ujerumani, ya bwawa la msituni.

Unajua anavyoipenda. Pale sebuleni Muleba ameitundika juu kuliko picha ya harusi yake. Mgeni akipewa tu kahawa ya kutafuna, anaonyeshwa bwawa. "Hapa ndipo nilipochota maji nikiwa msichana." Shangazi Celina akimtania kwamba hao Wazungu hawajawahi kuchora Muleba, anamjibu, "Wewe ulikuwa mvivu, majini ulipajulia wapi?"

Basi kioo kikapasuka. Akanipa nikaweke kingine, si mimi ndiye fundi mabango wa ukoo? Nikaifungua. Nyeusi na kahawia tupu! Nikajua jua limekula rangi, kama linavyokula kalenda zetu za ukutani. Nikasema ngoja nimfurahishe, nimrudishie kijani chake. Sikuuliza mtu. Unanijua.

Nikapaka mti wa kushoto na nyasi chini yake. Halafu nikaikuza kwa simu nione majani yameelekea wapi. Kaka! Rangi haikuwahi kuwepo! Ni mistari tu, myembamba kuliko nywele, imepishana na kupishana mpaka chini ya miti kukawa giza. Na ule mwanga juu ya maji, unaona kabisa ukigusa utalowa, ni karatasi tupu! Mchoraji hakugusa pale. Nimepaangalia mpaka chai ikapoa. Mtandaoni wanasema bamba la shaba linapakwa nta, mtu anachora kwa sindano, asidi inaila ile mistari, ndipo wanachapa. Pembeni pameandikwa 1871; mwaka huo mtu alijua pa kuacha. Mimi na brashi yangu ya kuandikia "Saluni" sikujua.

Nimejaribu kufuta kwa pamba yenye maji, karatasi ikaanza kuota manyoya. Nikaacha.

Mama mkubwa anapiga simu: "Byabato, umeyanywa maji yangu?" Namwambia kioo hakijapatikana. Kioo ninacho, kaka. Jirani yangu Datius anasema, "Wewe tundika tu, bibi mwenyewe haoni." Hilo ndilo linanichoma. Kwenye ile kona ya kushoto ndipo kilipokuwa kinjia cha kuteremkia majini, na mama yako hukifuata kwa kidole, pua imegusa kioo, akiwataja wasichana aliokuwa anaongozana nao. Wengi wameshakufa. Nimekipaka nyasi. Atakitafuta akikose, na atadhani ni macho yake.

Nisalimie shemeji Elieth na watoto. Shangazi Celina anawasalimu, anauliza mtakuja lini. Mungu awafunike huko kwenye baridi.

Jumamosi lazima niipeleke. Nikimwambia ukweli, kinjia chake nimekiua mimi. Nikinyamaza, ataamini amekuwa kipofu. Kaka, ungekuwa wewe umesimama pale mlangoni na picha mkononi, ungefanyaje?

Mdogo wako anayekupenda hata kwa aibu hii,
Byabato