Orodha ya Walio Chini ya Arobaini

3 Februari

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, magoti tu ndiyo yananisumbua. Nyinyi je? Wajukuu wangu hawajambo?

Nina hasira hadi chakula hakipiti. Kiwandani imeletwa mashine ya kompyuta ya kukata vitambaa. Mafunzo ni wiki sita, na mkataji asiye na cheti ifikapo mwisho wa mwezi wa nne hana chake. Nikaenda kujiandikisha. Msimamizi akanitazama juu hadi chini: "Mama, orodha ni ya walio chini ya arobaini. Wewe pumzika." Nipumzike! Miaka ishirini na sita nakata nguo pale kwa mkono huu huu!

Wewe uko ofisi ya wafanyakazi huko kiwandani kwenu. Hebu nieleze, mtu akifika hamsini na nne kichwa kinajaa?

Mama yako

20 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hatujambo sote, watoto wanakusalimu.

Pole sana, ila usijipandishe presha. Mafunzo ni ghali, mama, na mtu aliyebakiza miaka michache... Njoo tu ukae nasi.

Binti yako

14 Machi

Binti yangu,

Hapa salama, huko sijui.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote namsikia msimamizi. Sasa sikia. Vijana wa mafunzo wamekata suruali mia mbili za kitambaa cha kuvutika. Zote fupi! Hakuna aliyewaambia kitambaa kile hukunjuliwa kikalazwa siku nzima kwanza, la sivyo kinajirudi. Nani kaitwa? Mimi. Nimewaonyesha, wakashukuru, nikarudishwa kufagia nyuzi, kazi niliyopewa tangu mashine ije.

Nakuuliza, na usinifiche. Orodha kama hiyo, wewe nawe huwa unaiandika?

Mama yako

19 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya, nilikuwa naona aibu.

Ndiyo. Mashine kama hiyo imekuja na kwetu, na orodha niliiandika mimi. Nilikata majina kumi na moja kwa rula na kalamu nyekundu. Mmoja ni mkataji wa miaka hamsini na minane. Kila asubuhi ananitania, "Bosi, umenikumbuka?" nami nacheka, Mama. Nilikuwa nacheka!

Juzi nimepeleka orodha mpya, yeye wa kwanza. Mkurugenzi amenifokea mbele za watu, kisha akakubali sita tu. Mzee anaanza Jumatatu. Na wewe, wamekupa nafasi?

Binti yako

2 Mei

Binti yangu,

Sijambo. Hawakunipa.

Juzi meza yangu ya kukatia wameitoa nje. Mkasi nimeondoka nao, na ambaye angethubutu kuniuliza angenitambua. Nimelia, sikufichi. Wewe bado sijamalizana nawe, tutaongea uso kwa uso.

Lakini huyo mzee msalimie sana. Mwambie kila anachofundishwa akiandike, hata kiwe kidogo namna gani, nawe unitumie. Daftari nimeshanunua. Aanze na namna ya kuiwasha hiyo mashine.

Mama yako