Meli Mbili, Mume Mmoja

Mshauri mpendwa, nishike mkono kabla ya Ijumaa, kwa kuwa Ijumaa ndiyo siku ya mwisho ya kuthibitisha nafasi za melini, na uniwie radhi kwa mwandiko huu, naandika nikiwa bafuni, mlango nimeufunga kwa ndani na nimekalia ndoo niliyoipindua, kwa sababu hapa ndipo mahali pekee nyumbani kwangu ninapoweza kumaliza sentensi moja bila kutangaziwa jambo.

Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na nane, kazi yangu ni kusahihisha vitabu vya shule kabla havijachapwa, na kazi hiyo naifanyia kwenye meza ya kulia chakula. Mume wangu alikuwa mtangazaji wa stesheni ya treni kwa miaka thelathini na mitatu, yule mtu asiyeonekana anayesema treni ya saa nne na robo itaondoka jukwaa la pili na abiria wasisogelee reli, na sikufichi, mimi niliipenda sauti kabla ya kuuona uso, nilikuwa abiria wa kila siku, na wiki aliyoshikwa na mafua nilimnunulia dawa ya kifua hata kabla sijajua anaitwa nani.

Mwaka jana alistaafu. Wakampa saa ya ukutani na keki, na kwenye nafasi yake wakaweka mashine yenye sauti ya mwanamke. Wiki ya pili akaenda stesheni peke yake, akakaa kwenye benchi asubuhi nzima, aliporudi nikamuuliza mambo yalikuwaje, akavua viatu taratibu, akasema, "Anatamka vizuri."

Ila tangu siku hizo, mshauri, maneno yote yaliyokosa treni yamehamia kwangu. Nikiwa jikoni nasikia tahadhari kwamba sufuria ya upande wa kushoto inakaribia kufurika. Nikiwa chumbani nasikia kwamba mwenye miwani iliyosahaulika juu ya friji anaombwa afike kuichukua, na nyumba hii ina watu wawili, na yeye havai miwani. Akienda dukani ananitangazia muda wa kuondoka na muda anaotarajiwa kurejea, na akichelewa anaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza. Mimi namjibu "nimesikia", kila mara "nimesikia", mwaka mzima na miezi yake, kwa kuwa ni mtu mpole, hajawahi kunipandishia sauti kwa hasira hata siku moja, na mtu wa hivyo utamwambiaje anyamaze?

Lakini yameanza kuniharibia kazi. Juzi kitabu cha jiografia cha darasa la nne kimetoka mikononi mwangu kikisema kwamba mito mingi huanzia milimani na kuishia jukwaa la pili. Mhariri mkuu akanipigia simu, hakufoka, akaniuliza tu kwa upole kama siku hizi napata usingizi, na mimi ningeona afadhali angefoka. Na mwezi uliopita tulikwenda zahanati nikapimwe macho, mume wangu akamwona nesi anahangaika kuwaita wagonjwa wasiosikia, akasimama, akaichukua ile karatasi ya majina, akawaita yeye, na kabla ya saa tano foleni ilikuwa imekwisha na manesi wanamuuliza kama kesho atakuja tena. Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao, huku nimeinamisha uso.

Sasa nifike kwenye meli. Mwezi ujao tunatimiza miaka thelathini ya ndoa, na binti yetu, ambaye ni mfamasia na ndiye mtoto wetu pekee, ametuzawadia siku nane baharini kwenye meli ya kitalii, akatuachia vijitabu viwili tuchague meli mojawapo. Ile kubwa ina sitaha kumi na nne, abiria elfu tatu, mabwawa matatu, muziki tangu asubuhi, na kwenye ukurasa wa sita kuna picha ya mwanamume aliyevaa nyeupe amesimama kando ya bwawa na kipaza sauti mkononi. Mume wangu aliutazama ukurasa huo hadi chai yake ikapoa. Ile ndogo ina abiria tisini, maktaba, viti vya kujinyoosha, na sentensi niliyoisoma mara tatu bila kutafuta kosa: "Melini mwetu hakuna matangazo ya vipaza sauti." Mshauri, machozi yalinilengalenga.

Basi nikaenda kwa wakala wa safari peke yangu. Karani, binti mdogo mwenye kucha ndefu, akaniuliza tuko wangapi, nikamwambia wawili, akauliza meli ipi, nikasikia mdomo wangu mwenyewe unamjibu zote mbili, baba kubwa, mama ndogo. Akaacha kuandika. "Mama, samahani, mna ugomvi?"

"Hapana, mwanangu," nikamwambia. "Hatujawahi kugombana. Ndiyo shida yenyewe."

Akaniandikia. Meli zote mbili zinaondoka siku moja, bandari moja, na zinarudi siku moja, na kichwani mwangu nikapanga kwamba siku hiyo nitajifanya nimepanga foleni siyo, na kufumba na kufumbua yeye yuko kule na mimi niko huku. Najua. Usinitazame hivyo.

Jumatatu karani akapiga simu nyumbani kuhakikisha, mume wangu akapokea kama anavyopokea siku zote, kwamba asante kwa kupiga simu, tafadhali vuta subira, utahudumiwa punde. Karani akadhani amepiga stesheni, akaomba radhi, akakata, akampigia binti yetu. Binti akaja na koti lake jeupe la kazini, hakukaa, akanivuta chumbani.

"Mama, mnaachana?"

Nikamwambia hatuachani. Akaniuliza sasa mtu anaadhimishaje ndoa kwa meli mbili, nikaanza kukunja shuka ambazo zilikuwa zimeshakunjwa. Amenipa mpaka Ijumaa, nimwambie baba yake mwenyewe, la sivyo anatuweka sote kwenye ile kubwa, chumba kisicho na dirisha.

Na jana mume wangu kaniletea kofia ya jua aliyoninunulia kwa ajili ya safari, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama inanitosha, nikajiona mwizi. Mshauri, nampenda. Nataka tu siku nane ambazo hakuna mtu wa kunieleza ninachokiona kwa macho yangu. Je, ni dhambi watu wa ndoa moja kupanda meli mbili? Nijibu upesi, anagonga mlango, anasema bafu litafungwa kwa matengenezo.

Mimi, msahihishaji.

MSHAURI ANAJIBU

Dada msahihishaji, toka bafuni kwanza. Hakuna ndoa iliyowahi kurekebishwa juu ya ndoo.

Pole, na pole hiyo naitoa kwa moyo, maana kuishi na kengele isiyonyamaza si mchezo. Lakini baada ya pole zinafuata lawama, kaa uzipokee. Miaka yote hii unasahihisha makosa ya watu usiowajua, hukosi nukta, hukosi koma, na mume wako wa ndani hujamwekea hata alama moja ya kalamu nyekundu. Anatangaza, unamjibu "nimesikia". Unadhani yeye anasikia nini? Anasikia "endelea". Mwaka mzima umempigia makofi, halafu leo unataka kumkimbia kwa meli. Mficha uchi hazai, dada. Mtu mpole si yai, ukimgusa hapasuki, na kumwonea huruma kwa kumdanganya ni dharau iliyovaa kanga ya heshima.

Unaniuliza kuhusu dhambi. Meli mbili si dhambi. Kuna wanaolala kitanda kimoja miaka arobaini na kila mmoja yuko bahari yake. Dhambi ni ule mpango wako wa bandarini. Umfikirie mwanamume wa watu, masanduku mawili mkononi, anazunguka kwenye umati akimtafuta mke aliyejipotezesha kwa makusudi. Na huyo ndiye mtu wa kuwatangazia waliopotea kazi yake yote. Angekutangaza, na ungesikia mpaka huko uliko.

Sasa shika haya. Kesho asubuhi, chai ikiisha, funga vitabu vyako, kaa mbele yake, si pembeni. Usianze na meli, meli ni mkia wa hadithi. Mwambie matangazo yanakuchosha, mwambie tangu lini, mwambie na habari ya mito ya darasa la nne ili ajue si kisirani chako. Kisha unyamaze. Najua kunyamaza unakupenda, lakini huku ni kwa kazi, unamwachia nafasi ya kujibu, na jibu lolote atakalotoa ulipokee bila "nimesikia".

Meli mtaje mwisho, na umwambie ulichofanya kwa karani, chote. Akitaka muwe pamoja, zungumzeni mpaka mmoja akubali kwa hiari. Akitaka kwenda kwenye kubwa na wewe ubaki na ndogo, nendeni kwa amani. Ninachokukataza ni kutafuta meli ya tatu ya kuridhishana, ambayo wewe huitaki na yeye haitaki, mkakaa siku nane mnaulizana "unafurahi?" "nafurahi".

Binti yenu mwambie atulie. Ameshatoa zawadi, na ndoa ya wazazi si dawa ya kunywa vijiko viwili kutwa mara tatu.

Na ile zahanati. Wale manesi walipomuuliza kama kesho atakuja, wewe ukainamisha uso. Dada, walikuwa hawatanii. Mtu mwenye kipaji hicho umemfungia kwenye nyumba ya watu wawili, halafu unashangaa kelele? Jumatatu mpeleke. Ukimchelewesha, nitakwenda kuwauliza mwenyewe.

Msomaji, kwa kawaida huwa naishia hapo. Lakini baada ya wiki saba dada huyu ameniandikia tena, safari hii kwa mwandiko uliotulia, na naona ni haki yako kujua yaliyotokea.

Mshauri, nilifanya kama ulivyosema, ingawa chai niliirefusha mpaka vikombe vitatu. Nilimweleza yote, mume wangu akasikiliza huku analikunja gazeti, akalikunja tena hadi likawa dogo kama bahasha. Nilipomaliza hakukasirika. Akasema, "Siku ya kwanza nilipokutangazia chai, ulicheka mpaka ukashika meza. Nikajua umependa." Mimi sikuwa na kumbukumbu ya siku hiyo hata kidogo. Akaniambia tangu hapo amekuwa akikitafuta kile kicheko, akidhani labda bado hajapata tangazo lenyewe. Nililia, na yeye akanipa gazeti nifute machozi kwa kuwa hakuna kingine kilichokuwa karibu, nikabaki na wino shavuni.

Nilipomtajia meli, akaniuliza kwa aibu kama ningeumia akisema anaitaka ile kubwa, maana siku nane na watu wanaonong'ona zingemwua. Binti yetu alitusindikiza bandarini akiwa amenuna, akatupiga picha tumesimama katikati ya meli mbili, kila mmoja na sanduku lake.

Siku tatu za kwanza nililala, nikasoma, nikatazama maji. Hakuna aliyeniambia kwamba yale ni maji. Mezani wenzangu walisema "asante" na "samahani", na vijiko vilisikika. Siku ya nne meli zote mbili zilitia nanga mji mmoja, kuanzia asubuhi hadi saa nane mchana, na tulikuwa tumepatana kukutana kwenye geti la forodha. Nilimkuta ameshafika, amebabuka pua kwa jua, shati amelifunga vifungo kombo. Tukanunua mkate na machungwa, tukakaa kwenye benchi, akaanza.

Akanieleza habari ya jirani yake wa chumba, mstaafu mwenzake, fundi wa saa, anayekoroma kwa vituo. Akanieleza kwamba siku ya pili msoma namba wa mchezo wa bahati nasibu alipoteza sauti, wakauliza nani ana sauti, na kwamba yeye hakunyoosha mkono, mkono ulijinyoosha. Aliniambia alipanda jukwaani, akashika kipaza sauti, watu mia nane wamekaa kimya wanamtazama, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kutangaza akaogopa. Hapo akasita, akanitazama, nadhani akakumbuka mazungumzo yetu ya chai, akachukua chungwa akaanza kulimenya.

Nilikuwa nimekaa siku tatu bila kusikia kitu.

"Halafu?" nikamuuliza.

Akaniangalia kama namtania. Akaona sitanii, akaliweka lile chungwa chini.